Nilinunua spika kwenye maonyesho nikajuta: miaka mitatu ya kujifunza kusikiliza

Baba yangu alikuwa fundi redio Ngamiani, Tanga. Meza yake ya kazi ilikuwa barazani, na mimi nimekua na harufu ya lehemu inayoyeyuka. Redio ikishapona aliiweka dirishani jioni na kuijaribu kwa kitu kimoja tu: habari za Idhaa ya Kiswahili ya BBC kwenye masafa mafupi. Hakuijaribu kwa muziki. Alikuwa akisema muziki huficha, mtangazaji hafichi. Nilikuwa mtoto, neno hilo likapita. Miaka thelathini baadaye nililipa pauni 950 kulielewa, na ndiyo sababu ninaandika.

Ninaishi Reading, Uingereza, ni muuguzi wa zamu za usiku. Kwa muda mrefu nilikuwa na hamu moja: kuisikia taarabu ya Tanga ya miaka ya sabini, ya Black Star na Lucky Star, kwenye chombo kinachoistahili. Taarabu ile ni tofauti na ya Unguja. Haina kundi kubwa la fidla na kanuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi. Ina gitaa, ina gitaa la besi linalotembea chini ya sauti ya mwimbaji kama mtu anayetembea kwenye mchanga wenye maji. Kwenye kispika changu kidogo cha bluetooth lile besi halikuwapo kabisa.

Mfanyakazi mwenzangu akaniambia kwamba kila Februari kuna maonyesho ya vyombo vya sauti Bristol, ndani ya hoteli, na mtu yeyote anaweza kwenda kukaa na kusikiliza. Nikakata tiketi ya treni, Jumamosi asubuhi nikashuka kituo cha Temple Meads, nikatembea hadi hotelini. Mfukoni nilikuwa na akiba ya zamu za ziada za mwaka mzima. Sehemu ya fedha hizo nilikuwa nimemwahidi dada yangu kwa ajili ya bati za nyumba ya Ngamiani. Nilijiambia nitaangalia tu.

Kama hujawahi kufika mahali pa namna hiyo, picha yake ni hii. Kumbi za chini ni za makampuni makubwa. Juu, ghorofa baada ya ghorofa, vyumba vya kulala vimetolewa vitanda, mapazia yamefungwa, viti vimepangwa safu mbili au tatu, na mbele kuna spika jozi moja au mbili zenye bei ya gari. Unabisha, unaingia, unatafuta kiti. Watu kumi na wawili kwenye chumba cha kulala cha mtu mmoja, amplifaya za valvu, zile taa za kioo zinazowaka moto, zinapika hewa, hakuna dirisha lililo wazi. Kutoka chumba cha jirani besi ya mtu mwingine inapenya ukutani. Na katika hali hiyo unaombwa uamue kipi ni kizuri.

Siku ile nilipita vyumba zaidi ya ishirini. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na mimi kama muuguzi nilipaswa kulijua. Sikio huchoka kama mguu unavyochoka, ila halikuumi ukajua. Kuna vyumba vilivyokuwa vikipiga desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 95 na zaidi. Kipimo tunachofundishwa kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza 3 muda unapungua nusu. Ukifika 100 una dakika 15 tu. Kufikia saa tisa alasiri masikio yangu yalikuwa yamefungwa kidogo bila mimi kutambua, na sikio lililofungwa hutaka kitu kikali ili liamke.

Hapo ndipo nilipoingia chumba cha ghorofa ya tatu. Spika ndefu nyeusi zinazong'aa, kila moja na wufa mbili, zile spika kubwa za besi. Wakapiga ngoma kubwa za Kijapani, kisha gitaa moja, kisha mwanamke anayeimba mdomo wake ukiwa karibu kabisa na maikrofoni. Ngoma ikanigonga kifuani. Twita, spika ndogo ya sauti za juu, ilikuwa inatoa kila kitu, hata ukucha wa mpiga gitaa. Nilisikiliza dakika tatu, labda nne. Muuzaji akasema bei ya maonyesho inaisha saa kumi na moja jioni. Nikatoa kadi, nikalipa pauni 1,850. Sikuuliza kama naweza kuzirudisha, wala hakuna aliyeniambia.

Zilipofika nyumbani niliziweka sebuleni usiku uleule. Sebule yangu ina urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 3.6. Nikaweka taarabu. Noti moja ya besi ilikuja kama lori linalopita nje ya dirisha, zilizofuata zikapotea, kisha ile moja ikarudi tena. Mwimbaji akitamka "s" ilikuwa kama samaki anapotiwa kwenye mafuta ya moto. Jirani wa chini akagonga dari.

Miezi minne nilihangaika nazo. Nilinunua zulia zito kwa pauni 140. Nilinunua nyaya za pauni 95 ambazo hazikubadilisha kitu chochote. Nilijaza soksi kwenye tundu za nyuma za makasha. Besi ikapungua kidogo, na ukungu ukabaki. Nilizivuta mbele hadi sentimita 80 kutoka ukutani, zikatulia vizuri zaidi kuliko wakati wowote, lakini mlango wa sebule ukawa haufunguki wote.

Sababu niliielewa baadaye kwa kalamu na karatasi, na ningependa uijue kabla hujalipa. Chumba chenyewe ni chombo cha muziki. Sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde, na kati ya kuta mbili zinazotazamana yapo masafa ambayo wimbi lake hukaa sawasawa na kujirudia likizidi kukua. Chukua 343, gawa kwa urefu wa chumba uliozidishwa mara mbili. Kwa mita 4.2 unapata karibu hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Sasa, uzi mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutoa hezi 41. Yaani chumba changu kilikuwa kinaupenda uzi mmoja wa yule mpigaji wa Tanga kuliko nyingine zote, na spika zangu mpya zilikuwa na nguvu za kutosha kuukuza uzi huo mpaka ukala wimbo mzima. Zile ngoma za Kijapani zilichaguliwa kwa sababu haziimbi noti, zinapiga tu. Kwa ngoma huwezi kugundua kasoro hiyo.

Dada alisubiri bati miezi minane. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kilichonifungua macho ni kifurushi kutoka Muscat. Ami yangu, mdogo wake baba, alihamia huko miaka ya themanini. Enzi zile watu wengi wa pwani hawakuandikiana barua ndefu, walirekodi kaseti na kumpa msafiri. Baba alifariki mwaka 2011, na ami akaamua kunitumia kanda tisa alizokuwa amezihifadhi kwenye sanduku. Nikanunua deki iliyotumika kwa pauni 40, nikaiunganisha na kompyuta, nikahamisha zote.

Nikaiweka ya kwanza kwenye zile spika nyeusi. "Assalaam alaykum mdogo wangu. Huku hatujambo..." Sauti ilitoka nene, imevimba, kama mtu anayesemea ndani ya pipa la maji. Nikainuka nikasogea karibu, nikakaa chini, nikasogea tena. Maneno ni yake, yule anayeyasema si yeye. Nilikaa pale zuliani nikalia, na kilio kile hakikuwa cha kumkumbuka baba peke yake. Wiki iliyofuata niliziuza. Nilipata pauni 900.

Februari iliyofuata nilirudi Bristol nikiwa na flashi mfukoni na nakala kwenye sidii, kwa sababu vyumba vingine vina mashine ya aina moja tu. Ndani yake mlikuwa na vitu viwili. Kimoja ni dakika mbili za taarabu ninayoijua kila pumzi yake. Kingine ni sekunde 40 za baba. Anamsimulia ami habari za mvua, na nyuma yake, mbali kidogo, mama anakuna nazi kwenye mbuzi. Nilikwenda Ijumaa, milango ilipofunguliwa tu. Ijumaa asubuhi watu ni wachache, wenye vyumba bado wana subira, na unaweza kuomba kiti cha kati bila kusukumana. Nilijiwekea vyumba sita, basi. Kati ya kila viwili nilitoka nje ya hoteli nikakaa dakika kumi kwenye baridi bila kusikiliza chochote.

Nilikuwa na woga wa kuomba. Wewe mwanamke Mwafrika peke yako, wengine wote wanaume wa makamo wanaofahamiana, unamwambia mtu azime muziki wake ili asikilize kaseti iliyorekodiwa barazani Tanga. Nitakwambia ukweli: katika vyumba sita, vinne walikubali mara moja, na viwili walikataa kwa adabu. Subiri wimbo uishe, usiombe katikati yake. Sema unataka dakika mbili tu. Karibu kila mwenye chumba anapenda kusikia kitu ambacho hajakisikia mara mia tangu asubuhi.

Chumba cha kwanza kilikuwa na spika za aina ya Tannoy, zile ambazo twita imekaa katikati ya wufa, mpango ambao kampuni hiyo imekuwa nao tangu 1947. Baba alitoka mahali pamoja, hakupasuka mdomo upande huu na kifua upande ule. Nilizipenda sana. Zilikuwa kubwa kama kabati la vyombo, na nikakumbuka mita 4.2, nikaondoka.

Chumba cha pili kilikuwa na spika nyembamba za kisasa zenye twita kali. Taarabu ilipendeza dakika ya kwanza, kisha nikajikuta nimekunja uso. Nazi ya mama ilisikika kama mvua juu ya bati, chwaaa moja isiyokatika, wakati mtu anapokuna nazi mkono huenda na kurudi. Hapo nikajua kipimo changu kinafanya kazi.

Chumba cha nne palikuwa na jozi ya spika ziitwazo LS3/5A. Ni visanduku vya urefu wa sentimita 30 hivi. Ungevipita ukidhani ni mfano tu wa spika. Mzee aliyekuwa akivionyesha aliposikia kwamba nimeleta sauti ya mtu anayeongea, uso wake ulibadilika. Akanieleza kwamba BBC walizibuni miaka ya sabini kwa ajili ya magari ya kurushia matangazo, mahali ambapo hakuna nafasi ya kasha kubwa, na kwamba wahandisi wao walipenda kupima spika kwa sauti ya mtu kuliko kwa muziki. Mwenzao anaongea studio, wao wanasikiliza spika, kisha wanakwenda kumsikiliza yeye mwenyewe. Kila mmoja amekuwa akisikiliza watu wakisema tangu kuzaliwa, kwa hiyo sikio linajua.

Nilishindwa kumjibu. Muziki huficha, mtangazaji hafichi. Fundi wa Ngamiani asiyewahi kufika Uingereza alikuwa amefikia jambo lile lile dirishani kwake, kwa kumsikiliza mtangazaji wa shirika lile lile.

Akaweka sekunde 40. Baba akakaa kati ya vile visanduku viwili, kwa umbo lake, na koo lake lililokuwa na mkwaruzo wa sigara alizoacha mwaka 1990. Mama akakuna nazi, mkono unakwenda, mkono unarudi. Chini ya besi fulani hapakuwa na kitu, na uzi mnene wa mpigaji wetu ulikuwa mwembamba, sitasema vinginevyo. Lakini noti zote zilikuwapo, kila moja na nafasi yake. Ziliwezekana kufuatwa.

Bei ikanivunja moyo. Mpya, zinazotengenezwa hadi leo na makampuni kadhaa kwa leseni ya BBC, zinapita pauni 2,000. Nikashukuru, nikatoka na mikono mitupu. Nilijisikia vizuri njia nzima hadi Reading.

Kuna jambo la sauti kubwa na ndogo ambalo mzee yule alinionyesha, nalo linawadanganya wengi. Spika hazilingani kwa usikivu, yaani kiasi cha sauti zinachotoa kwa umeme uleule. Klipschorn, iliyobuniwa Marekani na Paul Klipsch mwaka 1946, ile yenye mdomo wa tarumbeta unaowekwa kwenye pembe ya chumba, kampuni huipa desibeli 105 kwa wati 1 ukiwa mita 1. LS3/5A haivuki 83. Kila desibeli 3 ni umeme mara mbili, kwa hiyo kuzifanya zisikike sawa inabidi ile ndogo upewe umeme zaidi ya mara mia. Ukibadilisha spika bila kugusa kitufe cha sauti, ile yenye usikivu itapiga kwa nguvu, na sikio la binadamu hudhani chenye nguvu ndicho kizuri, hata tofauti ikiwa ya desibeli moja. Tangu hapo huweka simu magotini na programu ya kupima desibeli, na huomba kila chumba kinipigie kwenye 75 au karibu yake. Simu si kipimo cha maabara, lakini ni ile ile chumba hadi chumba.

Mwezi wa kumi mwaka huohuo nilikwenda kwenye mkutano mdogo kabisa, ukumbi wa kijiji, watu thelathini hivi, kila mmoja na spika alizotengeneza au kufufua mwenyewe. Ningependa kila mtu aanzie huko. Hakuna anayeuza kitu, kwa hiyo mtu anakwambia kasoro za kazi yake kabla hujamuuliza. Kijana mmoja alikuwa na spika za koni moja (ile sehemu inayotetemeka kutoa sauti) ndani ya kasha refu lililojikunja ndani kama tarumbeta. Mwimbaji wa taarabu alitoka mbele akiwa hai kabisa, ila kwenye noti za juu akawa kama anamfokea mtu. Kijana akasema, "Najua, hapo ndipo zinaponishinda."

Mwingine alikuwa na Quad za mwaka 1957 kwenda mbele, zile za Peter Walker, ambazo hazina koni wala kasha. Ni utando mwembamba wa plastiki unaovutwa na umeme kati ya mabamba mawili, mfano wa kikanzio cha chumba. Nilikuwa nimesoma sifa zake, na nasema hazikutiwa chumvi. Sijasikia herufi za Kiswahili zikitamkwa kwa usafi ule kutoka kwenye chombo chochote. "Gh" ya baba katika "shughuli" niliisikia inavyotoka kooni. Lakini sogeza kichwa nusu mita upande, ameondoka. Na zinataka nafasi nyuma yake, kwa kuwa hutoa sauti mbele na nyuma vilevile. Ni kifaa cha mtu mmoja anayekaa kiti kimoja. Nyumbani kwangu watu huingia na kutoka.

Mwenye ukumbi alikuwa na jozi ndogo, makasha yaliyofungwa pande zote bila tundu la nyuma, kazi ya miaka ya themanini yenye mwelekeo uleule wa BBC. Alikuwa anataka pauni 420. Akanipa nikae nazo wiki moja nyumbani kabla ya kulipa. Wiki hiyo moja ilinifundisha zaidi ya vyumba vyote vya hoteli. Siku ya kwanza zilinipwaya. Siku ya tatu nikasahau kuwa ninazijaribu, nikamaliza kanda nzima ya baba nikiwa nakunja nguo. Kasha lililofungwa hupunguza besi polepole kadiri noti zinavyoshuka, na kwa chumba changu kinachopandisha hezi 41 mambo hayo mawili yalikutana yakasawazishana. Nikalipa. Nikaongeza stendi za pauni 60 ili twita zifike usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, nikaziweka sentimita 50 kutoka ukutani. Mlango unafunguka. Jirani wa chini hajagonga tena.

Ukitaka kununua kwenye maonyesho, kwa sababu wapo watakaonunua hata baada ya kunisoma, basi pima chumba chako kwanza uandike vipimo kwenye karatasi ukae nayo. Omba masharti ya kurudisha yaandikwe kabla ya kadi kutoka mfukoni. Beba viziba masikio kwa ajili ya korido na kumbi za chini. Na beba sauti ya mtu unayemjua. Si lazima awe marehemu. Mrekodi mama yako kwa simu akikueleza alivyopika leo, sekunde 40 zinatosha. Huyo hakuna muuzaji anayeweza kumpamba.

Mwaka huu ami alikuja kututembelea kutoka Muscat, mara yake ya kwanza Uingereza. Nilimpa shikamoo, nikampa chai, nikamkalisha kiti cha kati bila kumwambia sababu. Nikaiweka kanda ya kwanza. Nilitaka asikie kila kitu, nikapandisha sauti kidogo. Baba akamsalimia. Ami akaitikia salamu kwa midomo, akatazama sakafu muda, kisha akainua kiganja.

"Punguza, mwanangu," akasema. "Kaka hakuwahi kusema kwa nguvu hivyo."

Nikapunguza. Nazi ya mama bado ilisikika.